Kalibu na Tundu: Urithi wa Ufundi wa Metali Kandokando ya Ziwa Mweru
Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalianzishwa mwaka 2018 kuwapokea Wakongomani, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili. Ng'ambo ya Ziwa Mweru, katika dola ya Msiri, aliyeuawa mwaka 1891, mafundi wa Kiyeke walivuta shaba kupitia matundu ya chuma yaliyozidi kuwa madogo, hadi ikawa waya. Kalibu ya alumini hufuata kanuni iyo hiyo: tundu ndilo hulipa zao umbo. Tofauti ni kwamba alumini iliyopashwa moto husukumwa, haivutwi; na kwa kuwa hunywea ipoapo, msanifu hulipanua tundu kidogo. Istilahi za msingi za fani hii, basi, zimo tayari katika Kiswahili. Mafunzo ya ufundi Mantapala yana pa kuanzia.