Nyambizi na Watu wa Bara

Mwalimu wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, akilitaja neno "nyambizi" darasani, huenda wanafunzi wakalikumbuka tendo la kupiga mbizi, kisha wakadhani kwamba vita vya baharini haviwahusu watu wa bara. Historia yatufunza vingine. Katika Vita Kuu ya Pili, Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ilipeleka askari wake Burma, nao hawakuwa na njia ila Bahari ya Hindi.

Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ilichukua Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 wakafa.

Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na chombo cha kunasa mwangwi chini ya maji, na mabomu ya kulipukia kilindini. Walakini nyambizi ilikuwa chini ya walionusurika. Mabomu yakatupwa, na baadhi yao wakauawa nayo. Hatimaye I-27 ilizamishwa.

Tangu siku hizo vyombo vya kuwindia nyambizi vimeendelea mno. Hata hivyo mwangwi humwonyesha nahodha adui alipo. Haumwamulii la kufanya juu ya wanaoelea. Yafaa basi neno hili lifundishwe pamoja na kisa chake.