Kinga ya Malaria katika Nyanda za Chai

Kinga ya malaria miongoni mwa wakazi wa nyanda za chai za Kericho na Bomet, magharibi mwa Kenya, ni hafifu kuliko ile ya jirani zao wa ufuo wa Ziwa Victoria, ingawa kutoka Kericho hadi Kisumu, kwa kupitia Awasi na Ahero, ni safari ya asubuhi moja kwa matatu. Sababu ya kwanza ni baridi. Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu ni mita 1,100 na kitu. Kimelea cha Plasmodium falciparum hukwama ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, na hata likipanda kidogo hapo hukawia kukomaa, hivyo mbu wengi hufa kabla hawajaweza kuambukiza mtu. Wastani wa joto la mashamba ya chai uko papo hapo mpakani. Ndiyo maana malaria huku huja kwa mlipuko, hasa kati ya Mei na Julai baada ya masika, kisha hutulia hata watu wakaisahau.

Kinachosahauliwa na watu husahauliwa pia na mwili, na hapo ndipo nyanda hizi zimewafaa sana wanasayansi. Kilimo cha chai cha makampuni kilianza Kericho katika miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakiwa mbele. Vibarua walitoka kote: Wakipsigis wenyeji, Wajaluo, Wakisii, Waluhya. Waliishi kambini, wakatibiwa kwenye zahanati za mashamba na kulazwa katika hospitali ya kampuni, na rekodi za wagonjwa zikawekwa mwezi baada ya mwezi tangu miaka ya 1960. Ni sehemu chache za Afrika zenye hazina kama hiyo.

Rekodi hizo zilipoonyesha malaria ikipanda katika miaka ya 1990, ulizuka ubishi mkali. Mwaka 2002 Simon Hay, Dennis Shanks na wenzao waliandika kwamba hali ya hewa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki haikuwa imebadilika vya kutosha kueleza ongezeko hilo. Wengi walielekeza kidole kwa klorokwini, iliyokuwa imeshindwa na vimelea hadi Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Mercedes Pascual na wenzake wakajibu mwaka 2006 kwamba joto lilikuwa limepanda, na mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakachambua vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho kwenyewe, wakaona joto likipanda kweli. Ubishi ulichochewa zaidi kuliko ulivyostahili, kwa kuwa dawa kufifia na joto kupanda ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Lililo muhimu kwa makala haya ni kwamba mlipuko ulipofika ulikuta miili isiyo tayari. Pwani na kandokando ya ziwa, malaria kali ni ugonjwa wa watoto wadogo; Kericho, vitanda vilijaa watu wazima pia.

Mwili huipata kinga hii kwa kuugua. Kimelea kikishaingia katika chembe nyekundu ya damu huiwekea juu ya ngozi yake protini ya kunatia, ili ishike ukuta wa mshipa na isipelekwe kwenye wengu, ambako chembe mbovu huchujwa na kuharibiwa. Protini hiyo ina sura nyingi, kwa sababu kila kimelea kina jeni 60 hivi za kuitengeneza na hubadilisha moja kwa nyingine. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya sura uliyoiona, si ile ambayo haujaiona. Mtoto wa Ahero, karibu na mashamba ya mpunga, hukutana na sura nyingi kabla ya kuanza shule. Mara chache za kuugua hutosha kumwondolea sehemu kubwa ya hatari ya kufa, lakini kuvidhibiti vimelea vyenyewe humchukua miaka. Kwamba kazi hii hufanywa na kingamwili ilithibitishwa Gambia mwaka 1961, pale Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao walipowadunga watoto wagonjwa kingamwili kutoka kwa watu wazima na vimelea vikapungua. Kinga hii isipochokozwa hufifia. Kibarua aliyekulia Nyanza akakaa kambini miaka mingi anaweza kurudi kwao likizo ya Disemba na kuugua kama mgeni, ingawa mwili wake huikumbuka kazi upesi kuliko wa aliyezaliwa milimani.

Ipo pia kinga ya kurithi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali mwaka 1949 na kukuta chembe za selimundu kwa wingi Pwani na kandokando ya ziwa, na kwa uchache sana nyanda za juu. Hoja yake ya mwaka 1954, kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali, imesimama hadi leo.

Homa na nguvu za mwili

Umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kuvunja chakula kupata nguvu na kujenga upya, ndio unaoilipia kinga. Gharama yake huonekana kwa mchumaji chai wa mwezi Juni. Kabla hajaamka alfajiri, tezi zilizo juu ya figo zimeshaanza kumwaga kotisoli, na ini linatoa glukosi kutoka kwenye akiba ya usiku. Chai ya maziwa yenye sukari humpandishia insulini, ambayo huingiza glukosi kwenye misuli. Saa moja yuko shambani, aproni ya plastiki kiunoni kwa ajili ya umande, vidole vikichuma majani mawili na chipukizi na kuyarusha nyuma ya bega ndani ya kapu. Glukagoni na adrenalini zinashika zamu: sukari isishuke kabla majani hayajapimwa kwenye mizani.

Ikiwa ana vimelea, chembe zilizoambukizwa hupasuka, kwa falciparum kila baada ya saa 48 hivi, ingawa kwa asiye na kinga mzunguko huo mara nyingi huvurugika na homa haikatiki. Chembe nyeupe hutoa kemikali za kupiga mbiu, na ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka. Mishipa ya ngozi hubana, misuli hutetemeka, na mtu huota jua huku meno yakigongana. Kila nyuzi moja ya homa huongeza matumizi ya nguvu kwa karibu sehemu moja ya kumi au zaidi, wakati hamu ya chakula imekwisha. Homoni ya tezi ya shingo katika umbo lake kali hupungua, na hivyo uchovu wa mgonjwa kwa sehemu ni mpango wa mwili kubana matumizi. Kotisoli nayo huzuia uvimbe usivuke mpaka na kuanza kudhuru viungo.

Vimelea hula glukosi kwa pupa na kuacha asidi ya laktiki. Kwa mtoto ambaye hajala tangu jana, akiba ya ini huisha upesi, na sukari ya damu inaweza kushuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, kiwango cha hatari. Kwinini, iliyotumika muda mrefu kwa malaria kali, huchochea kongosho kumwaga insulini na kuishusha zaidi, hasa kwa wajawazito. Kwa hiyo muuguzi akipokea mtoto mwenye degedege hupima sukari yake mapema kabisa. Kuna wanaozinduka kwa dripu ya glukosi kabla dawa ya malaria haijaanza kazi.

Chuma, chai na homoni ya ini

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za madini ya chuma, nyingi ndani ya chembe nyekundu. Kila siku wengu na ini hurudisha kwenye mzunguko miligramu 20 hivi kutoka kwa chembe zilizozeeka. Chakula huongeza miligramu 1 au 2 tu. Bawabu wa mlango wa kuingizia chuma hicho ni hepsidini, homoni ya ini iliyogunduliwa mwaka 2000 na 2001. Maambukizi yakiingia, hepsidini hupanda, utumbo hufunga chuma, na chembe za ulinzi hukifungia ndani ili vijidudu visikipate. Kwa panya imeonekana kwamba vimelea vilivyo kwenye damu, kwa kupandisha hepsidini, huvinyima chuma vimelea vipya vinavyojaribu kukua kwenye ini. Mwenye mwili hulipa kwa upungufu wa damu.

Chai yenyewe huingia hapa. Tanini zake hunasa chuma cha mboga na nafaka, na kikombe kinachonywewa pamoja na chakula huweza kupunguza ufyonzaji wake kwa zaidi ya nusu. Kikisubiri saa moja, madhara hupungua. Ugali na mboga vikisindikizwa na chai ya rangi ni mlo wa chuma kidogo, hata mboga iwe kijani namna gani.

Dawa ya haraka ingeonekana kuwa vidonge vya chuma kwa watoto wote. Jaribio hilo lilifanywa Pemba, ambako malaria ilikuwa nyingi, kwa watoto zaidi ya 24,000. Makundi yaliyopewa chuma na asidi ya foliki yalisimamishwa mwaka 2003, kwani kulazwa na kufa kuliongezeka kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Shirika la Afya Duniani likarekebisha mwongozo wake: penye malaria, chuma kiende na kinga na tiba ya malaria.

Ujauzito

Kondo la nyuma huleta ukuta mpya ambao vimelea vya aina maalumu hunatia. Pwani na ziwani, mama wa mimba ya kwanza ndiye aliye hatarini zaidi, kisha mwili hujifunza. Nyanda za chai mama wa mimba ya nne anaweza kuwa sawa na wa kwanza, na kingamwili anazompa mwanawe kupitia kondo ni chache.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019, uzinduzi ukifanyika Homa Bay, katika kaunti za ukanda wa ziwa na magharibi ambako maambukizi ni ya mwaka mzima. Kericho na Bomet hazikuwamo. Huku kinga hutegemea neti na kipimo cha haraka: tone la damu ya kidole, dakika kama 15 za kungoja, na mistari miwili kwenye kijiplastiki ikiwa vimelea vipo.