Darubini na Mvua ya Kakamega
Habari za dhahabu zilipovuma Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika na karai, mahema na bunduki za kuwindia. Babu yangu alimbebea mmoja wao bunduki, na uzeeni aliisimulia zaidi ya alivyosimulia dhahabu. Juu ya mtutu palikuwa na vibao vya kukunja vya kulengea: kimoja cha yadi 100, kingine 200, kingine 300. Mbele kabisa, kidoti cheupe cha pembe ya ndovu, kionekane hata kwenye kiza cha msituni. Nami ningechagua hicho kuliko darubini. Darubini za bunduki zilikuwepo, lakini za enzi hizo nyingi hazikuzibwa sawasawa. Kwa mvua yetu hii ya alasiri, ukungu uliingia hadi ndani ya vioo. Tena msituni mnyama humwoni mpaka yuko karibu, darubini ya nini? Kila jioni babu alipangusa mtutu kwa mafuta na kuukausha mkanda wa ngozi usiote kuvu.

Uwindaji huo sasa ni wa kusimuliwa tu: mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na sheria ya 2013 ikakazia.