Kilima cha Makerere na Swali la Istilahi



Ukitoka hapa Kyebando, ukashuka hadi soko la Kalerwe, kisha ukaendelea kuelekea kusini-magharibi, hutachelewa kukifikia kilima cha Makerere. Wanafunzi wengi wa mtaa huu hukitazama kilima hicho kama tuzo ya kufaulu mtihani. Leo nakuomba ukitazame kwa jicho jingine. Swali linalokusumbua darasani liliwahi kuzuka huko, nalo ni hili: je, taaluma ya fasihi ina lugha moja tu inayoistahili?

Nimewaona wanafunzi wakitaja tamathali kumi za usemi kwa Kiingereza bila kusita. Wakiulizwa zizo hizo kwa Kiswahili, hunyamaza, kisha huhitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na kambini, isiyo na maneno ya kisomi. Siwalaumu, kwa maana dharau hiyo ina historia. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipopendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi nchini Uganda, upinzani ulikuwa mkali. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alichapisha waraka wa kukikataa kisiwe lugha rasmi ya Buganda. Watu walihofia hatima ya lugha yao na ya nchi yao, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kiswahili kikabaki zaidi kwa askari, polisi na wafanyabiashara. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wananchi wengi walikuwa tayari wanakihusisha na amri na bunduki.

Hata hivyo, katika kipindi hichohicho kilima cha Makerere kilikuwa na habari nyingine. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili katika Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1962 makao yake yalikuwa Makerere. Fikiri jambo hilo, msomaji wangu: kwa miaka kumi, shughuli za Kiswahili sanifu za Afrika Mashariki nzima ziliendeshwa kutoka kilima unachokiona kutoka mtaani kwenu.

Mwezi Juni 1962, kwenye kilima hichohicho, ulifanyika mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika. Chinua Achebe alihudhuria, na Wole Soyinka pia. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi, alialikwa kwa sababu ya hadithi fupi chache tu. Lakini mkutano ulikuwa wa wale walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wa riwaya, aliyewahi kuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili, hakuwa na kiti pale. Alifariki dunia mwezi uohuo. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986, Ngũgĩ mwenyewe alilirejea jambo hilo: mwanafunzi alipata mwaliko, gwiji akaachwa nje, na kilichowatenganisha kilikuwa lugha.

Sasa tuzikague istilahi zenyewe. Je, Kiingereza kilizaliwa nazo? La. Neno ambalo Kiingereza hulitumia kwa sitiari kililichukua kutoka Kigiriki, na maana yake ya asili ni kubeba kitu kutoka hapa kukipeleka pale. Kiswahili nacho kilichukua neno sitiari kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kuazima. Mmoja anabeba, mwingine anaazima; wazo ni lilelile. Fasihi, riwaya na tashbihi nazo zimetoka Kiarabu. Lakini utenzi umetokana na kutenda, na kibwagizo kimetokana na kubwaga. Kila lugha hukopa, na kila lugha huunda. Lugha inayokosa istilahi ni ile ambayo wenyewe wameacha kuitumia kufikiri.

Ushahidi mzuri zaidi ni wa hapahapa Kampala. Pio Zirimu, mwanaisimu wa Uganda aliyefundisha Makerere, aliona kwamba Kiingereza hakikuwa na jina la heshima kwa sanaa ya masimulizi, vitendawili na nyimbo. Alichanganya maneno mawili ya Kiingereza, la mdomo na la fasihi, akaunda neno orature. Leo neno hilo linatumiwa na wataalamu katika mabara mengi. Sisi tunasema fasihi simulizi. Kwa hiyo unapokariri istilahi za Kiingereza ukidhani zote zimetoka ng'ambo, kumbuka kwamba mojawapo ilitoka kwenye kilima cha jirani, na iliundwa kuziba pengo la Kiingereza.

Sikuambii uache Kiingereza. Jifunze istilahi zake kwa bidii, kwani mtihani utazidai na dunia pia. Ila wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini sheria haiwezi kumsemea raia. Raia asiyeweza kutaja mambo kwa lugha anayoielewa atasemewa na wengine bungeni, mahakamani na hata kwenye kikao cha mtaa.

Basi jioni ya leo chukua istilahi moja tu uliyoikariri kwa Kiingereza. Ieleze kwa Kiswahili, kwa mfano wako mwenyewe. Kisha mwulize bibi au babu nyumbani jambo hilo huitwaje kwa Kiganda, Kiacholi au Kinyankole. Huenda ukagundua kwamba wao walikuwa wakilitumia kabla hujaanza shule.