Mahakama isiyo na kibindo

Januari 1997, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, katika jengo la AICC mjini Arusha, mama mmoja Mnyarwanda alikuwa akieleza alivyowakimbia wauaji huko Taba. Hakuitwa kuzungumzia ubakaji. Hati ya mashtaka dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, haikuwa na shtaka la aina hiyo. Katikati ya maelezo yake, mama yule akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanamgambo watatu wa Interahamwe. Majaji, akiwemo Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee kati ya watatu waliokaa pale, wakaanza kuuliza. Juni mwaka huo mashtaka yakaandikwa upya. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Hukumu hiyo husomeshwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Lisilosimuliwa sana ni kwamba wanawake walioijenga kwa ushahidi wao walirudi makwao mikono mitupu. Mahakama ya Arusha ilikuwa na uwezo wa kumfunga mtu maisha na kuamuru mali ya wizi irudishwe, lakini haikupewa uwezo wa kumlipa manusura hata senti. Aliyetaka fidia aliambiwa achukue nakala ya hukumu akafungue kesi katika mahakama za nchi yake. Mwaka 2000 majaji wenyewe waliuandikia Umoja wa Mataifa wakitaka waathirika walipwe. Barua ilipokelewa, na mambo yakaishia hapo.

Miaka hiyo dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilikuwa hazishikiki kwa bei. Mshtakiwa aliyekuwa mahabusu Arusha aliweza kuzipata, kwa kuwa Umoja wa Mataifa uliwajibika kwa afya yake. Shahidi aliyeambukizwa wakati wa kubakwa alipanda gari kurudi kijijini bila hata kidonge. Kwangu mimi, aibu ya miaka ile yote iko hapo.

Rwanda ilianzisha mfuko wa manusura mwaka 1998, nao ulisomesha watoto na kugharimia matibabu. Lakini huo ulikuwa msaada. Msaada hutolewa kwa huruma, na mtoaji anaweza kuukatisha. Fidia ni deni, na mdaiwa anajulikana.

Waasisi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague walikuwa wamelitazama pengo hilo, wakaipa uwezo wa kuamuru fidia na mfuko wa kuwasaidia waathirika. Hata hivyo fidia ya The Hague hufuata hatia. Mwaka 2014 kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga alitiwa hatiani kwa shambulio la Bogoro, Ituri, nchini Kongo, lakini akaondolewa hatia ya ubakaji. Mwaka 2017 ikaamriwa watu 297 walipwe fidia, na ubakaji wa Bogoro haukuhesabiwa. Mwaka 2018 Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa ametiwa hatiani kwa ubakaji uliofanywa na wapiganaji wake, akashinda rufaa, na wanawake wa Jamhuri ya Afrika ya Kati waliokwisha kusikia neno fidia wakaona mlango unafungwa. Ilibidi kusubiri hadi Machi 2021, kesi ya kiongozi wa waasi wa Kongo, Bosco Ntaganda, ndipo waliobakwa na watoto waliozaliwa kwa ubakaji wakatajwa katika amri ya dola milioni 30. Ntaganda mwenyewe hana kitu. Mfuko ndio unaotafuta wafadhili.

Nchini Kongo kwenyewe, mahakama za kijeshi zimekuwa zikiandika fidia tangu mapema. Mwaka 2006, kwa ubakaji uliofanywa na wanajeshi huko Songo Mboyo, serikali iliamriwa kulipa pamoja na waliotiwa hatiani. Desemba 2017, huko Kavumu, Kivu Kusini, mbunge na wanamgambo wake walifungwa maisha kwa kuwabaka watoto wadogo, na kila mtoto aliyebakwa akaandikiwa dola 5,000. Safari hii serikali haikuguswa, ingawa mshtakiwa mkuu alikuwa mbunge. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mfungwa atalipa kwa nini?

Desemba 2022 Kinshasa ikapitisha sheria iliyoanzisha mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, unaochukua asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Madini yaliyolisha vita sasa yatibu majeraha yake: wazo zuri, lenye ladha chungu. Tangu Februari 2025 Bukavu, mji wa Dk. Denis Mukwege na hospitali yake ya Panzi inayotibu waliobakwa, uko mikononi mwa waasi wa M23, na madai mapya yanazaliwa kabla ya yale ya zamani kulipwa.

Halafu kuna fedha za Uganda. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Kampala iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vyake katika ardhi ya Kongo, na katika milioni 225 za madhara kwa watu, ubakaji ulihesabiwa. Septemba mwaka huo awamu ya kwanza, milioni 65, ikafika. Septemba 2025 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria kazi ngumu miaka mitatu kwa sababu ya dola milioni 19 zilizochotwa katika fungu hilo la waathirika. Zilichotwa kwa maelezo ya kujenga gereza, Kisangani.