Elimu Endelevu ya Kitaaluma: Leseni Inayodai Kusoma Tena

Septemba 2023 wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita ya Tanzania, Kigoma ukiwa mmojawapo, wakiwadondoshea watoto wa chini ya miaka 8 matone ya polio mdomoni. Miezi michache kabla, mtoto mmoja mkoani Rukwa alikuwa amebainika kupooza kwa kirusi cha polio cha aina ya pili. Katika vijiji vya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, vya kata ya Nyakitonto vikiwemo, mama mwenye kadi ya kliniki iliyojaa alikuwa na haki ya kuuliza: huyu si amemaliza chanjo zake, mnamrudia ya nini?

Jibu liko katika imunolojia, taaluma ya kinga ya mwili. Zamani matone hayo yalibeba aina zote tatu za kirusi cha polio. Mwaka 2015 aina ya pili ya asili ilitangazwa kuwa imetokomezwa, na Aprili 2016 ikaondolewa kwenye matone dunia nzima, kwa sababu kirusi cha chanjo yenyewe kilikuwa kikibadilika na kuzusha milipuko pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Mwaka 2018 Tanzania ikaongeza chanjo ya polio ya sindano. Sindano hujenga kinga katika damu na kumwepusha mtoto na kupooza, lakini utumboni, ambako kirusi huzaliana kabla ya kutoka na kinyesi, kinga yake ni haba. Hivyo waliozaliwa baada ya 2016 walikuwa na kadi kamili na mwanya mmoja.

Muuguzi aliyehitimu 2005 hakufundishwa hata sentensi moja ya maelezo hayo chuoni.

Wala hakufundishwa mengine mengi. Chanjo ya pamoja ya magonjwa matano ilianza Tanzania 2009. Chanjo za nimonia na za kuhara kwa virusi vya rota zilizinduliwa mwishoni mwa 2012. Rubela iliunganishwa na surua 2014. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza nchi nzima 2018 kwa dozi mbili, ikilenga wasichana wa miaka 14. Kufikia 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Anayefanya kazi kwa daftari la chuoni atakuwa anawarudisha wasichana kwa sindano ya pili isiyohitajika tena.

Dawa ya pengo hilo, wahudumu wa afya huiita kwa herufi tatu za Kiingereza: CPD, yaani continuing professional development. Ukikaa nao utasikia habari za “pointi za CPD” kila leseni inapokaribia kuhuishwa. Kwa Kiswahili dhana hiyo imepewa majina kadhaa: mafunzo kazini, maendeleo endelevu ya kitaaluma, elimu endelevu ya kitaaluma. Hayalingani.

Mafunzo kazini yanataja mahali tu. Semina ya siku mbili kuhusu jokofu jipya la chanjo ni mafunzo kazini, hata kama hakuna anayepima kilichoeleweka wala kukiandika popote. Dhana yenyewe ina nguzo tatu: mhitimu anaendelea kujifunza, chombo cha taaluma kinatambua na kurekodi alichojifunza, na rekodi hiyo inahesabiwa anapohuisha leseni. Ikikosekana ya pili au ya tatu, kilichobaki ni semina.

Maendeleo endelevu ya kitaaluma ni tafsiri ya neno kwa neno, na ina kasoro yake. Tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, maneno hayo mawili yakikaa pamoja humpeleka msomaji kwenye misitu, maji na nishati. Walimu walikwepa mtego huo: mpango wao, MEWAKA, ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na hakuna anayedhani unahusu upandaji miti.

Yapo pia maneno jirani yanayochanganywa. Cheti huthibitisha kwamba mtu alihitimu. Usajili humwingiza katika daftari la taaluma. Leseni humruhusu kufanya kazi kwa muda maalumu. Ithibati hutolewa zaidi kwa vyuo na maabara, ingawa waandishi wa habari wa Tanzania nao wana bodi yao ya ithibati. Elimu endelevu inahusu leseni: cheti hakifutwi kwa sababu mtu hakusoma tena, ila ruhusa ya kufanya kazi inaweza kukwama.

Kwa wataalamu wa kinga suala hili lina ugumu wa ziada. Marekani ina bodi ya mzio na imunolojia tangu 1971, na anayetaka kuthibitishwa nayo huanza kwa kubobea katika magonjwa ya ndani au ya watoto. Tanzania haina baraza la wanaimunolojia. Vyuo vikuu vya MUHAS, Dar es Salaam, na CUHAS, Mwanza, vina idara za mikrobiolojia na imunolojia, lakini anayetoka huko husimamiwa kwa mlango alioingilia: daktari chini ya sheria ya 2017, mtaalamu wa maabara chini ya sheria ya 2007. Muuguzi anayechanja ana sheria yake ya 2010. Elimu moja ya kinga imegawanyika katika mabaraza matatu, na kila baraza lina daftari lake la pointi.

Kwa hiyo elimu endelevu ya kitaaluma ndiyo istilahi inayofaa kushika. Neno elimu ni pana kuliko mafunzo, na kitaaluma linaelekeza kwa baraza. Mabaraza hayo matatu yangefanya vyema kuitumia kwa namna moja katika miongozo yao, na kuandaa pamoja somo la kinga na chanjo, kwa Kiswahili, linalotambuliwa na yote. Muuguzi wa Nyakitonto, ambaye mara nyingi hulazimika kumweleza mama kwa Kiha, awe wa kwanza kulipata.