Wastani na Haki ya Mchezo

Chini ya Mlima Kasigau, kusini ya mji wa Voi katika nchi ya Wataita, pana kijiji kiitwacho Rukanga. Jirani zake wauzungukao mlima huo ni Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe; jumla yake ni vijiji vitano. Tuseme vijana wa vijiji hivi wameamua kushindana kwa mpira wa miguu, kila timu icheze na kila mwenzake mara moja. Mechi zitakuwa 10, na siku za kucheza zitakuwa 5. Lakini tano haigawanyiki kwa mbili. Siku timu nne zinapokuwa uwanjani, ya tano haina budi kupumzika.

Sasa tazama jedwali jioni ya siku ya nne. Jora, ambayo haijapata kupumzika, imecheza mechi 4 na ina pointi 7. Rukanga imecheza mechi 3 na ina pointi 6. Nani yuko mbele? Anayehesabu pointi peke yake atasema Jora. Anayegawanya pointi kwa mechi ataona ya kuwa Jora imepata wastani wa 1.75, na Rukanga 2. Wote wawili wamehesabu sawasawa, lakini majibu yao yanapingana. Tofauti haimo katika hesabu, bali katika uamuzi uliotangulia hesabu: tugawanye au tusigawanye, na tukigawanya, tugawanye kwa nini?

Swali hili ni la zamani katika historia ya mchezo. Kombe la Gossage lilipoanza kushindaniwa mwaka 1926, timu zilikuwa mbili tu, Kenya na Uganda, na mshindi alijulikana bila taabu. Baadaye Tanganyika na Zanzibar ziliingia. Timu zinapozidi, jedwali huhitajiwa. Na timu mbili zinapolingana kwa pointi, huhitajiwa kanuni ya kuzitenga. Kwa miaka mingi kanuni iliyotumika katika ligi za Uingereza ilikuwa wastani wa mabao, yaani mabao ya kufunga yakigawanywa kwa mabao ya kufungwa.

Kanuni hiyo ilitoa hukumu kubwa huko Uskoti tarehe 24 Aprili 1965. Siku hiyo ya mwisho wa ligi Hearts walikuwa mbele ya Kilmarnock kwa pointi mbili, nao walikuwa wakicheza nyumbani kwao mjini Edinburgh. Kilmarnock wakashinda mabao 2 kwa 0, na timu zote mbili zikawa na pointi 50. Hearts walikuwa wamefunga mabao 90 na kufungwa 49. Wastani wao ulikuwa 1.84. Kilmarnock walikuwa wamefunga 62 na kufungwa 33. Wastani wao ulikuwa 1.88. Kilmarnock wakatwaa ubingwa. Lakini kama mabao yangalitolewa badala ya kugawanywa, Hearts wangalikuwa na 41 na Kilmarnock 29, na kombe lingalikwenda kwingine. Mabao yalikuwa yale yale. Kilichompata mshindi ni alama moja ya hesabu.

Wastani huo ulikuwa na kasoro nyingine pia. Timu isiyofungwa hata bao moja haina wastani, kwa maana hakuna awezaye kugawanya kwa sufuri. Mashindano ya Kombe la Dunia yalianza kutumia tofauti ya mabao mwaka 1970, na ligi ya Uingereza ikafuata tangu msimu wa 1976–77.

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu ya kompyuta iliyoitwa VisiCalc. Ilikuwa lahajedwali, yaani jedwali linalojihesabu lenyewe: ukibadili tarakimu moja, majibu yote yanayoitegemea hubadilika papo hapo. Tangu hapo kazi iliyomkesha karani na karatasi zake imekuwa kazi ya dakika chache. Lakini chombo hiki kina mtego wake. Kikiagizwa kutafuta wastani, nafasi iliyo tupu hukiruka. Penye sufuri huhesabu. Tuirudie Rukanga, yenye pointi 3, 3 na 0, na nafasi moja tupu ya siku ya kupumzika: wastani ni 2. Karani akijaza sufuri katika nafasi ile ili jedwali lipendeze, wastani hushuka kuwa 1.5, na Rukanga huadhibiwa kwa mechi ambayo haikuicheza. Kompyuta haitamwonya, kwa kuwa haijui ya kuwa kupumzika si kushindwa.

Wala usidhani ya kuwa haya ni mambo ya vijijini tu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga nyanja za michezo, ligi kuu ya Ufaransa ilikatishwa kabla timu zote hazijalingana kwa mechi. Msimamo ukaamuliwa kwa wastani wa pointi kwa kila mechi. Strasbourg walikuwa na pointi 38 katika mechi 27. Angers walikuwa na 39 katika mechi 28. Strasbourg wakawekwa juu, ingawa pointi zao zilikuwa chache, kwa sababu 1.41 imezidi 1.39.

Basi, ewe kijana, siku utakapokabidhiwa daftari la ligi, au lahajedwali lake, usione fahari kwa wepesi wa kupata jibu. Uliza kwanza ni kitu gani kinachogawanywa, na kwa kitu gani. Kisha kanuni hiyo itangazwe kabla mpira haujapigwa, wakati ambapo hakuna ajuaye itamfaa nani. Kanuni iliyotangazwa mapema humfanya aliyeshindwa akubali. Iliyobuniwa baada ya filimbi ya mwisho, hata ikiwa na hesabu safi namna gani, huacha kinyongo.